Nakumbuka Mvua Ambayo Haikunyesha

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimewasimulia wanangu siku baba yetu alipotuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la ukoo: mvua ikinyesha, yeye akipanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, kwa mkono wake, na marehemu baba mdogo amesimama kando ya mfereji. Mwezi uliopita mdogo wangu alifungua kompyuta ya zamani akatuonyesha picha za siku hiyo. Jua linawaka, anayepanda ni mdogo wangu, na baba mdogo haonekani. Je, nilisema uongo? Na si afadhali kila kitu tuiachie kompyuta? (Msomaji, Rau, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, hukusema uongo, kwa kuwa mwongo huijua kweli akaificha, nawe umesimulia kile unachokiona moyoni hadi leo. Kompyuta huigeuza picha kuwa mfululizo wa sufuri na moja, na hata ukiifungua mara elfu, kule kuitazama hakuibadilishi. Ubongo haufanyi hivyo. Kila unapokumbuka, huliunda tukio upya kwa kuunganisha ulichokiona, ulichosikia baadaye na ulichokwisha kusimulia, kisha pengo linalobaki hulijaza kwa jambo linaloelekea kuwa kweli. Na kwa mtu wa Moshi, ni kipi kinachoelekea zaidi kuandamana na upandaji kuliko mvua ya masika?

Mwaka 1974, watafiti wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, wengine yalipopondana. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika, lakini 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa neno jepesi. Kitenzi kimoja tu kilitosha kuwapa watu wakweli vioo ambavyo havikuwapo, na jambo hili hunisumbua kila ninaposikia mzee akiapishwa barazani kuhusu mpaka wa miaka 30 iliyopita.

Hata hivyo, msiikabidhi kompyuta zaidi ya inachokijua. Picha huonyesha kilichokuwa mbele ya kamera tu: baba mdogo kutoonekana hakuthibitishi kwamba hakuwapo, kwani huenda ndiye aliyezipiga. Tarehe iliyoandikwa nayo hutegemea saa ya kamera, ambayo wengi hatuirekebishi. Diski nazo hufa, kwa hiyo nakilini picha hizo mahali pengine leo.

Kuhusu mpaka wenyewe, nawaomba msikae kikao kwanza. Kila aliyekuwapo, pamoja na majirani ambao hawajaziona picha, aandike peke yake anachokumbuka, atie tarehe na sahihi, ndipo mzisome karatasi zote pamoja na kuzilinganisha na picha mbele ya masale yenyewe.