Hafu shafti ya Series III haiingii: tazama difu kwanza

Habari ndugu. Unasema hafu shafti ya nyuma (chuma kinachozungusha gurudumu) uliyonunua Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwa ajili ya Land Rover Series III yako, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inagoma kuingia kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Unauliza pia kama uchomelee ile ya zamani, na kuhusu gia boksi. Usimruhusu fundi aigonge kwa nyundo, tafadhali!

Ingia chini ya gari utazame difu kwa nyuma. Ikiwa na mfuniko uliofungwa kwa bolti, hiyo ni ekseli ya aina ya Salisbury, na shafti yake ina meno 24 kwenye ncha inayoingia difu. Ikiwa ni duara laini lisilofunguka, ni ekseli ya Rover, meno 10. Series III ndefu nyingi zina Salisbury, ila magari haya ya zamani yamebadilishwa ekseli mara nyingi, kwa hiyo kadi ya gari isikudanganye.

Mimi huenda dukani na shafti ya zamani mkononi, hata iliyokatika. Nahesabu meno, kisha nalinganisha urefu, maana ya kushoto na ya kulia hazilingani. Ukimwambia muuzaji "ya Land Rover" tu, atakupa yoyote aliyo nayo.

Kuchomelea shafti kwa mafundi wa Katwe, Kampala, sikushauri. Gia boksi sijawahi kuifungua, hiyo wengine watakujibu.