Kabla ya Kuingia Fort Jesus, Shuka Majini Kwanza

Likizo ikikaribia, simu yangu huanza kulia. Ndugu na marafiki wa bara wanataka kuja Mombasa na watoto, na swali ni lile lile: tutembee wapi? Wengi wameshajijibu: Fort Jesus asubuhi, ufuoni mchana. Mimi Fort Jesus nawapeleka, lakini hatuanzii hapo. Huanza kwa kutafuta mashua.

Ngome ile ilijengwa kwa ajili ya bahari. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiweka juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, ili kila chombo kinachoingia kipite mbele ya mizinga. Mgeni anayeshuka kwenye tuktuk, akalipa kiingilio na kupita lango la upande wa mji, anaona kuta nene, ua mkubwa na mizinga ya zamani. Baada ya nusu saa anauliza choo kiko wapi. Yule aliyeiona kutoka majini huingia na maswali: walipataje chakula humu? Adui alikuwa akipigia wapi? Hao ndio wageni ambao nikiwaambia twendeni wananijibu ngoja kidogo.

Mashua utaipata upande wa Mji wa Kale, karibu na ngome au kwenye ngazi za Leven zinazoshuka majini. Patana bei kabla ya kupanda, useme wazi ni ya watu wote au ya mtu mmoja, na ni ya kwenda na kurudi. Dai majaketi ya kujiokoa, na kama yapo ya wakubwa tu nawe una mtoto, tafuta chombo kingine bila kuona haya. Humo ndani ya mkono wa bahari wa Tudor maji yametulia kuliko nje, kwa hiyo hata anayeogopa bahari huzoea upesi.

Ila uliza maji kwanza. Wapwani tunahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji yakijaa unaiona ngome kama nahodha alivyoiona, kuta zikipanda juu yako. Yakipwa, mwamba unajitokeza chini yake na unafahamu kwa nini mlango huu ulitisha mabaharia wageni. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Mimi napenda asubuhi ambayo maji yanajaa, jua halijawa kali na upepo bado mwepesi.

Mwambie mwenye mashua akutulizie chombo mbele ya ngome, kwa sababu hapo chini kuna kaburi la meli. Mnamo Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, na mzingiro ukaenda mpaka Desemba 1698. Silaha na njaa vilichangia, lakini maradhi ndiyo yaliyomaliza watu wengi waliokuwa ndani. Tumaini la Wareno lilikuwa meli za msaada kutoka Goa, makao yao huko India. Mojawapo, Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein nchini India mwaka 1681, ilifika 1697, ikaharibika usukani, na Oktoba mwaka huo ikazama pale pale mbele ya ngome iliyokuja kuiokoa. Ilikaa chini karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa kiakiolojia, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifukua mabaki yake na kutoa vyombo vya kaure vya Kichina, mitungi, vipande vya mbao na zana za mabaharia. Gofu la meli lenyewe lilipimwa, likachorwa, kisha likaachwa huko huko, kwani mbao iliyolowa karne tatu ikitolewa hewani bila matibabu marefu na ya gharama hupasuka na kuharibika.

Sasa nenda makumbusho. Vile vyombo vya kaure vilivyo ndani ya kabati la kioo, ambavyo wageni huvipita wakidhani ni vya mapambo, umetoka kuelea juu ya mahali vilipookotwa. Hata watoto hushika hilo mara moja, na siku hizo sihitaji kuwabembeleza wasome maelezo.

Humo ndani kuna mengi, na si lazima uyaone yote. Kama muda ni mfupi, usikose michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokuwa lindoni, kwa rangi nyeusi na nyekundu: meli, watu, samaki. Ni michoro ya watu waliochoka kungoja, na mimi huiona ina uhai kuliko mizinga yote. Kisha tafuta ujia unaoshuka kuelekea baharini, njia ya kupokelea watu na mizigo bila kupita upande wa mji. Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji, yaani pembe ya ngome iliyochomoza nje, ina mandhari nzuri ya mlango wa bandari na upepo wa bure. Ngome hii ilibadilisha mikono mara nyingi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka na kuiteka. Na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza. Mwongozaji mzuri atakusimulia hayo yote. Patana naye pia mapema, na mwambie unapenda habari za bahari, la sivyo atakupeleka mbio kwenye vyumba vya wafungwa kwa sababu ndivyo wageni wengi wanavyopenda.

Makumbusho hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na uwe na pesa kwenye simu. Mchana pale uani ni tanuri. Kofia na maji si anasa.

Ukitoka, fuata barabara ya Mji wa Kale mpaka uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale. Hapa ndipo wageni wangu huvunjika moyo kidogo. Wametarajia majahazi yenye matanga meupe. Wanakuta vyombo vichache vya injini, mahamali, magunia na walinzi wa forodha. Nawaambia mapema: hii ni bandari ya kazi, haikuwekwa kwa ajili ya picha. Omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, na ukikataliwa usibishane. Kaa barazani, mwite muuza kahawa mwenye dele, na umwulize mzee yeyote aliye karibu habari za kaskazi.

Kwa maana kila kitu hapa kilifuata pepo mbili. Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na India vikiwa na tende, mazulia, masanduku na samaki wa chumvi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, vikarudi na shehena ya huku, boriti za mikoko zikiwa nyingi. Kule Kuwait na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ni adimu, mapaa ya nyumba yalilazwa boriti zetu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na biashara hiyo ikaisha. Ukiwa katika vichochoro, chungulia nyumba ya mawe ya zamani, ukikaribishwa ingia, na angalia chumba kilivyo kirefu na chembamba. Upana wake umeamuliwa na boriti: fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko mti unavyofika. Mzigo ule ule uliojaza majahazi ndio uliopima vyumba vya watu, hapa na ng'ambo.

Mbona bandari hii ilinyamaza? Kwa jibu lake vuka upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, meli za moshi zikazidi ukubwa, na mlango mwembamba wa upande wa Mji wa Kale haukuzitosha. Gati za maji marefu zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, mizigo mikubwa ilikuwa imeshahama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, jeshi la majini la Uingereza lilihamishia hapa makao ya meli zake za mashariki, na wataalamu wa kufumbua siri za Wajapani wakafanyia kazi katika shule ya Allidina Visram. Watu wengi wanapita mbele ya shule hiyo kila siku bila kujua.

Kilindini huwezi kuingia kutembea, ila huhitaji kuingia. Nenda Mama Ngina, bustani iliyo ukingoni mwa bahari, jioni, nunua mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, ukae ukutani. Meli za makontena hupita karibu hata unasoma jina, zikiongozwa na tagi, zile mashua za kuvuta meli, na rubani wa bandari akiwa ndani. Halafu panda feri ya Likoni kwa miguu, maana mtembea kwa miguu halipi, uende na kurudi. Meli ikija, feri husubiri. Kwa maoni yangu hakuna makumbusho yanayoonyesha ukubwa wa biashara ya leo vizuri kama dakika zile umesimama kati ya baiskeli na mikokoteni, ubavu wa chuma ukikatiza mbele yenu. Shika begi lako mbele, na epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Mavazi: Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi humo na misikiti yao. Funika mabega na magoti, na Ijumaa adhuhuri tulia kwanza mpaka swala iishe.

Utakaposikia jina la mtepe, na utalisikia, jua kwamba hutauona ukielea. Kilikuwa chombo kikubwa cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari, chenye tanga la mkeka. Mwenye kutaka kujua uundaji wa vyombo aende Lamu: makumbusho yake yana mifano ya vyombo vya pwani, na kijiji cha Matondoni, kisiwa hicho hicho, bado kina mafundi wanaounda na kukarabati majahazi. Huko nenda asubuhi, wakati mafundi wanakalafati, yaani wanaziba mianya ya mbao, na kabla jua halijawafukuza kivulini, na usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai hupokewa vizuri kuliko noti.