Jino limeacha kuuma kwa diklofenaki, bado ning'oe?

SWALI: Shikamoo daktari. Jino langu la nyuma limetoboka muda mrefu. Wiki iliyopita shavu lilivimba, muuza dawa mtaani akanipa diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni. Alisema inatuliza maumivu na kuua bakteria, nami nimesoma mtandaoni nikakuta ni kweli. Leo siku ya nne haliumi, kimebaki kipele tu kwenye fizi. Bado kuna haja ya kung'oa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ulichosoma si uongo, na hapo ndipo penye kazi. Maabara, diklofenaki imezuia kweli bakteria kadhaa kukua, stafilokokasi wakiwemo. Lakini uliza ni kwa kiasi gani: mara nyingi mikrogramu 50 hadi 100 kwa kila mililita. Ukimeza kidonge chako, damu yako hupata kama mikrogramu 1.5 tu kwa mililita, tena hapo dawa ikiwa imefika kilele. Na zaidi ya asilimia 99 ya hizo zimeshikamana na protini za damu. Kinachobaki huru hakimtishi bakteria yeyote. Siki nayo inaua bakteria kwenye kisahani cha maabara.

Sasa hili la "haliumi, basi limepona". Nalisikia karibu kila siku ya kliniki na limenichosha. Jino likioza hadi kwenye kiini, kiini hufa, na mishipa ya fahamu hufa nacho. Maiti haiumwi. Hicho kipele unachokiona kidogo ni mlango: usaha umetoboa mfupa ukapata pa kutokea, mgandamizo ukashuka, ukapumua. Diklofenaki imepunguza uvimbe na kufunika yaliyobaki. Bakteria wamo ndani ya jino, mahali ambapo damu haifiki tena, kwa hiyo hata antibiotiki peke yake haiwamalizi.

Ndiyo, nenda. Utapigwa eksirei, kisha jino litang'olewa, au litasafishwa mizizi na kuzibwa kama bado lina mwili wa kutosha. Likianza kuuma tena kabla ya hapo, parasetamoli inatosha wengi. Ila ukivimba chini ya taya, mdomo ukakataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa shida, ni hospitali usiku huohuo.

Kwa wengine mnaosoma: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilitahadharisha kwamba ibuprofeni na ketoprofeni, ndugu zake diklofenaki, zinaweza kuzidisha baadhi ya maambukizi. Huku kwetu mtu anafungiwa kwenye karatasi ya kaki diklofenaki, prednisoloni na kapsuli mbili tatu za antibiotiki, eti "mchanganyiko". Prednisoloni inapunguza nguvu ya kinga ya mwili, nawe una usaha! Muulize anayekufungia ni dawa gani hizo, uone atakavyoanza kutafuta chenji.

Halafu kuna wanaobandika aspirini kwenye jino bovu. Aspirini ni asidi. Mgonjwa hurudi na jino lilelile, safari hii na fizi nyeupe, imeungua, inabanduka kama ngozi ya maziwa.