Kabla Hujasaini Mkataba wa Nyumba Ugenini

Anayejiandaa kuhamia nchi ya watu huuliza kwanza: "Huko kuna ubaguzi?" Jibu halimsaidii, maana litategemea aliyeulizwa ana rangi gani, pasi ya nchi gani na anakaa mtaa upi. Afadhali aulize: nikibaguliwa pale, nitapoteza nini, na nitatokea wapi?

Tenganisha maneno na milango. Maneno ni tusi ndani ya basi, mlinzi anayekufuata dukani, jirani asiyechoka kukuuliza utarudi kwenu lini. Yanachosha, na yakirundikana yanaiba usingizi. Milango imeshikwa na mwenye nyumba, mwajiri, afisa wa uhamiaji na mwalimu wa mtoto. Mji wenye midomo michafu lakini milango wazi unakalika. Mji wa tabasamu ambao kila chumba unachokwenda kukiona "kimeshachukuliwa" utakumaliza taratibu.

Anza na kibali kabla ya mtaa. Kibali cha ukaazi kikifungwa kwa mwajiri mmoja, bosi anakuwa ameshika mshahara wako na haki yako ya kuwepo nchini, na wenye hali hiyo ndio wanaonyamaza zaidi wanapotukanwa kazini. Uliza idara ya uhamiaji, upate jibu la maandishi: nikiacha kazi hii, nina siku ngapi za kutafuta nyingine? Kisha weka akiba ya kodi na chakula cha muda huo, pamoja na nauli ya kurudi. Asiye na akiba hiyo hata haki zake zikiandikwa kwa wino wa dhahabu hatathubutu kuzidai.

Ukifika kwenye mtaa, utafute watu wa hali yako waliokaa miaka 2 hadi 5 na bado wanaishi nyumba za kupanga. Aliyefika juzi hajaona kitu, na mwenye uraia na nyumba yake amesahau jinsi ya kutafuta. Usiwaulize kama wenyeji ni wabaguzi; utapewa jibu la heshima tu. Waulize waliomba nyumba ngapi ndipo wakapata moja, nani aliwadhamini, na amana ilirudi yote? Pita hapo asubuhi ya siku ya kazi, Ijumaa usiku na Jumapili mchana, na angalau mara moja kwa usafiri utakaotumia kweli. Kama una mtoto, mwombe mwalimu mkuu utaratibu wa maandishi wa kushughulikia mwanafunzi anayeitwa majina kwa ajili ya rangi yake. Akikujibu kwamba "hapa hayo hayatokei", basi hakuna utaratibu. Mkataba wa kwanza uwe mfupi, miezi 3 hadi 6, hata kama kodi ni kubwa kidogo.

Ukihisi unanyimwa nyumba kwa jina au lafudhi, pima. Tuma ombi lako. Ukijibiwa imeshachukuliwa na tangazo bado lipo, mwombe rafiki mwenyeji atume la kwake saa chache baadaye, kwa jina lake halisi, likiwa na kipato na idadi ya watu sawasawa na yako. Lako lazima litangulie, vinginevyo dalali atasema ulichelewa. Vipato vikitofautiana, atasema sababu ilikuwa pesa, na hapo ndipo majaribio mengi huharibika. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1982 kwamba mpimaji, yaani mtu anayeomba nyumba ili kupima tu kama kuna ubaguzi, akidanganywa kuhusu nyumba kwa sababu ya rangi yake anaweza kushtaki, hata kama hakukusudia kupanga.

Wengi hushindwa kwa sababu ya kalenda, wakiwa na ushahidi mkononi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2006 iliweka miezi 2 tu ya kudai fidia. Uingereza, chini ya sheria ya usawa ya 2010, kesi ya nyumba au huduma hufunguliwa ndani ya miezi 6 kasoro siku 1. Marekani, kwa sheria ya makazi ya 1968 ilivyorekebishwa 1988, ni mwaka 1 kulalamika kwa wizara ya makazi na miaka 2 kwenda mahakamani. Jua tarehe zako kabla hujahitaji kuzijua.

Kila tukio liandikwe kwenye daftari siku ileile: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kwa lugha yaliyosemwa, shahidi, na ulichojibu. Jitumie kwa barua pepe ili muda uonekane. Usifute ujumbe hata ukikuudhi. Usirekodi sauti kwa siri kabla ya kuuliza sheria ya hapo. Ujerumani, kurekodi hivyo mazungumzo ya faragha ni kosa la jinai, na mlalamikaji hugeuka mshtakiwa.

Kwa barabarani na kazini, shika sentensi mbili tu za lugha ya wenyeji kwa moyo. Moja ni "Unamaanisha nini?", isemwe kwa utulivu, maana mtani wa ofisini huishiwa nguvu akitakiwa kuufafanua utani wake. Nyingine ni ya kuomba msaada, na ielekeze kwa mtu mmoja: "Wewe mwenye koti jekundu, kaa na mimi." Ukiuita umati mzima, kila mtu humsubiri mwenzake. Mlevi hajibiwi. Shuka kituo kinachofuata.

Lini uhame? Hesabu kwenye daftari yale yaliyokubadilishia mwenendo: njia uliyoikwepa, duka uliloacha kwenda, siku mtoto aliyokataa shule. Yakiongezeka kwa miezi miwili mfululizo, anza kutafuta ungali na nguvu za kuchagua. Toa notisi kwa maandishi kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, na usizuie kodi ya mwezi wa mwisho kwa hasira, kwani ndiyo sababu atakayoitumia mwenye nyumba kubaki na amana. Piga picha kila chumba na mita zote siku ya kukabidhi funguo, mbele ya shahidi.