Droni tatu kwenye chaneli moja: gawa muda wa hewani

Habari ndugu. Droni zako tatu zinatumia chaneli moja ya redio yenye upana wa megahezi (MHz) 20, na ile ya mbali ikianza kutuma video, zote zinakwama na amri zinachelewa. Hapo kinachoisha ni muda wa hewani, yaani muda ambao chaneli inashikiliwa na anayetuma. Ya mbali ikishuka hadi megabiti 6 kwa sekunde na ya karibu inatuma kwa 54, video ileile inakula muda mara tisa.

Kwanza kabisa, zihamishie amri za urukaji kwenye masafa yake ya redio. Hazihitaji upana, zinahitaji kufika kwa wakati. Kisha gawa zamu kwa muda, si kwa kiasi cha data, na ushushe ubora wa video ya mbali mapema. Chaneli ya MHz 10 hupunguza kelele ya redio kwa desibeli 3, yaani nusu, ila kasi ya juu nayo hupungua nusu.

Usikimbilie kuongeza nguvu ya kutuma. Umbali ukiwa mara mbili unahitaji nguvu mara nne, na droni ikiwa angani mawimbi yake yanavuruga wengi walio chini. Viwango vinavyoruhusiwa viulizie mamlaka ya mawasiliano.

Kabla ya kuruka, toa propela, zima rimoti makusudi, uhakikishe droni inaingia hali ya kurudi yenyewe.