Jinsia za nomino za Kifaransa: zichukulie kama ngeli

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini kwa Wafaransa meza ni ya kike (la table) na dawati ni la kiume (le bureau), na utajuaje neno jipya liko upande gani. Hilo la kwanza lilinipotezea karibu mwaka mzima. Nilikuwa nautafuta uke ndani ya meza, na haumo. Nilipoanza kuzichukulia kama ngeli ndipo mambo yakafunguka.

Sisi tunasema kiti changu kimevunjika, mlango wangu umevunjika, na hakuna anayehoji. Wao wana makundi mawili tu: ma chaise est cassée (kiti), mon lit est cassé (kitanda). Ila kuna sehemu moja wanatuacha. Kwetu uhai unalishinda umbo la neno, ndiyo maana tunasema kiongozi amefika, si kimefika. Kwao kuna maneno yasiyobanduka kwenye kundi lake. La victime est morte (mhanga amekufa) hubaki ya kike hata kama aliyekufa ni mwanaume, na babu yako naye ni une personne (mtu), neno la kike.

Kuhusu kutambua, tazama mkia wa neno. Yenye -tion na -sion karibu yote ni ya kike. Yenye -ment, -isme, -eau na -age mengi mno ni ya kiume: le gouvernement, le bateau, le voyage, le fromage. Yanayokaidi ni machache, yakariri tu: la plage, la page, la cage, la peau.

Jihadhari na l', kifupi cha le na la. L'école na l'hôtel hayakuonyeshi chochote, kwa hiyo yashike kama une école (shule, ya kike), un hôtel (hoteli, ya kiume). Na usidanganywe na mon école. Ma hugeuka mon mbele ya irabu, neno linabaki la kike.

Nilipokuwa Lyon, wakati wa baridi, niliingia dukani kutafuta kikaango cha mayai. Nikasema je cherche un poêle. Muuzaji akanipeleka hadi nyuma kabisa, akafungua kimlango cha chuma cha jiko la kuni la kupashia nyumba joto, akaanza kunieleza bomba la moshi litapita wapi. Kikaango ni une poêle. Herufi zile zile, matamshi yale yale, maana yote imebebwa na un au une. Ndivyo ilivyo pia le livre (kitabu) na la livre (nusu kilo), le tour (mzunguko) na la tour (mnara).

Tangu siku ile daftari langu halina nomino iliyokaa peke yake. Naipa kivumishi ambacho sikio litasikia tofauti yake: un poêle chaud, unaishia "sho", une poêle chaude, unaisikia "d" mwishoni. Anza na vitu kumi vya jikoni kwako, uvitamke kwa sauti, na utakapokwama weka neno hapa tuliangalie pamoja.