Mtihani uko Dar, mimi niko Songea

SWALI: Shikamoo dada. Mimi mhasibu hapa Songea, Mei hii nafanya mtihani wa CPA, ule wa uhasibu wa NBAA, bodi ya wahasibu, kituo nimechagua Dar. Bosi kanipa ruhusa kuanzia siku moja kabla, so nataka nipande basi alfajiri, nifike usiku nilale, asubuhi niingie. Inatosha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, tena nakuomba sana usifanye hivyo. Songea mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900, basi linakula siku nzima, na likikwama tu pale mlima Kitonga ndo basi tena. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikashuka stendi saa saba usiku miguu imevimba hata viatu havivaliki, asubuhi niko mbele ya karatasi swali nalisoma mara tatu sielewi kitu na nilikuwa nimesoma miezi sita jamani. Karatasi ile nikairudia Novemba.

Muombe bosi akuongezee hata siku mbili, akate kwenye likizo yako. Ukishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi usikimbilie kwa shangazi Kigamboni kisa bure, tafuta gesti karibu na kituo chako cha mtihani, foleni ya asubuhi unaisikia tu. Kesho yake nenda mpaka getini ukapaone kwanza. Kalkuleta na kitambulisho safiri navyo mapajani, visiingie kwenye buti. Ndugu utawasalimia ukimaliza karatasi ya mwisho, watakuelewa.